Sahani za Kunduchi Zilikotoka

Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, kuna makaburi ya kale yenye nguzo ndefu za mawe. Mafundi wa karne ya 18 walipachika sahani na mabakuli ya Kichina katika nguzo hizo. Leo sehemu kubwa ya sahani hizo haipo tena. Yamebaki matundu ya mviringo kwenye chokaa, na mtu akiingiza mkono hugusa alama ya kitako cha bakuli. Nilipokuwa nikifundisha historia nilipeleka wanafunzi pale mwaka baada ya mwaka, na hakukosekana mmoja wa kuuliza: "Mwalimu, zimetoka mji gani?" Nilijibu, "China," nikijua kwamba jibu hilo halijamshibisha na kwamba bado nina deni.

Mwenzangu wa safari alikuwa na deni lake lingine. Mwaka 1972, akiwa kijana wa miaka 20, aliajiriwa kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, upande wa Mlimba, pale reli inapoanza kupanda milima kwenda Makambako kwa madaraja na mahandaki. Alifanya kazi bega kwa bega na Wachina, akala nao wali, akajifunza maneno yao machache. Walipoondoka aliwaahidi kwamba siku moja atakwenda kwao. Oktoba, yeye akiwa na miaka 72 na mimi 69, tulifunga mizigo tukaondoka wawili tu, bila kundi wala kiongozi, na simu mbili zenye programu ya kutafsiri.

Guangzhou

Asubuhi ya kwanza tulishuka mtaani saa moja, tukakuta wazee wenzetu wameshaujaza mji. Katika mji huu mzee haanzi siku nyumbani. Anaianzia kwenye ukumbi wa chai. Tuliingia katika ukumbi mmoja wa ghorofa mbili, tukaona meza kubwa za mviringo, kila moja na birika lake, na wazee wakisoma magazeti, wakilisha wajukuu, wakipiga gumzo kwa sauti za juu kama za baraza la Kariakoo. Vitafunwa huja katika vikapu vidogo vya mianzi vinavyofuka mvuke. Kwa kuwa hatuli nguruwe, tulishikamana na maandazi ya kamba, mkate wa mvuke na chai. Mama mmoja wa meza yetu alinimiminia chai, nami nikamshukuru kwa maneno. Akatabasamu, akanionyesha ya kwao: unagonga meza mara mbili kwa ncha za vidole. Husimuliwa kwamba mfalme Qianlong alitembea akijificha sura, akammiminia mtumishi wake chai, na mtumishi, asiweze kumsujudia mbele za watu, akasujudu kwa vidole. Toka siku ile niligonga meza China nzima.

Tulipotoka, mhudumu alitufuata mpaka mlangoni, akatuambia "manman zou". Mwenzangu alisimama. Alilijua neno hilo kutoka Mlimba, ingawa alikuwa amelisahau kwa miaka 50. Maana yake: endeni polepole. Ndilo neno wanalomuagia mgeni, na kwa magoti yetu lilikuwa pia shauri zuri.

Ijumaa tulisali karibu na kaburi ambalo Waislamu wa Guangzhou husema ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Vitabu vya tarehe vinasema Saad alizikwa Madina, nami nafuata vitabu. Lakini nilipoketi chini ya miti ya ua ule, katikati ya Wahui, Waislamu wa Kichina, wenye kofia nyeupe, Wasomali, Wamali na Waniger waliokuja kununua bidhaa, sikuona haja ya kubishana na mtu. Nje ya lango paliuzwa mikate ya tanuri na mishikaki ya kondoo yenye bizari nyembamba. Jioni tukaenda kuuona mnara wa msikiti wa Huaisheng, mweupe, mviringo, mrefu wa mita 36 hivi. Zamani mto Zhujiang ulipita karibu zaidi, na mnara huu ulikuwa taa ya mabaharia. Wachina wanauita Guangta, mnara wa nuru.

Kilichonishika zaidi Guangzhou ni bustani ya Yuexiu. Kulipokucha tu wazee walikuwa wamefika: hawa wanacheza dansi kwa mistari, wale wametundika vizimba vya ndege kwenye matawi, wengine wanaimba. Mzee mmoja alikuwa na brashi ndefu kama fagio na ndoo ya maji. Alichovya, akaandika maandishi makubwa kwenye sakafu ya mawe, na maandishi yakakauka nyuma yake naye akiendelea mbele. Mwenzangu alimsogelea, akamwamkia, kisha akasema maneno aliyoyatunza tangu ujana: "Tan-Zan tielu." Reli ya Tanzania na Zambia.

Mzee aliiacha brashi ikaanguka. Akaita wenzake. Kwa Wachina waliopita miaka 60, neno hilo halihitaji tafsiri: walilisikia redioni, waliimba juu yake shuleni. Bibi mmoja alishika mkono wa mwenzangu kwa mikono yake miwili, akaeleza kupitia simu kwamba kaka yake alikwenda huko, akakaa miaka miwili, akarudi na kinyago cha mpingo ambacho bado kiko kabatini. Makumi ya maelfu walikwenda, na zaidi ya 60 hawakurudi. Wengi wao wamelala Gongo la Mboto. Mwenzangu aliwaambia kwamba makaburi yale yanatunzwa, kwamba yeye mwenyewe huenda. Wakanyamaza wote. Kisha mzee akaokota brashi, akaandika herufi nne za jina la reli. Jua lilikuwa kali, na ya kwanza ilikuwa imekauka kabla hajaimaliza ya nne.

Quanzhou

Treni za China zinakwenda kasi inayotisha, ila ndani unakaa kama sebuleni. Kila behewa lina bomba la maji ya moto, na wazee hupita na chupa zao za chai wakizijaza. Kwa upande wa dirisha vilipita vilima vya kijani, mashamba ya mpunga, na mara bahari. Bahari ile ilinifanya nikae wima, maana mji tuliokuwa tunauendea ndio sababu ya mimi kuja.

Waarabu waliuita Quanzhou Zaituni. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kutuachia maelezo yake, ndiye huyo huyo aliyefika Zaituni miaka kama 14 baadaye, akakuta bandarini majahazi makubwa yapatayo mia na madogo yasiyohesabika. Mtu mmoja, macho mawili, na miji yote miwili ikaonekana. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza Quanzhou katika urithi wa dunia, lakini ukitembea vichochoro vyake husikii majivuno. Nyumba ni za matofali mekundu, mapaa yamepinda ncha kama pembe za fahali, na mlangoni kuna kiti cha mwanzi na mtu mzima anayekunywa chai kwa kikombe kidogo kuliko kikombe chetu cha kahawa.

Msikiti wa Qingjing umejengwa kwa mawe, na lango lake lina tao juu ya tao. Mwenzangu alilitazama akasema, "Mwalimu, hii ni Kilwa." Ndani, ukumbi wa sala hauna paa. Liliporomoka karne nyingi zilizopita, halikurudishwa. Zimebaki kuta nzito za mawe, mihrabu, aya zilizochongwa, na juu mbingu tupu. Nyasi zimeota mahali watu walipopanga safu. Mtu aliyesimama katika magofu ya Gedi au Songo Mnara anaijua hali hiyo: unashusha sauti bila kuambiwa.

Katika jiwe moja la Kiarabu imeandikwa kwamba msikiti ulijengwa mwaka 400 wa Hijria, yaani 1009, na ukatengenezwa upya mwaka 710 na Ahmad, mtu wa Shirazi. Nililitazama jina hilo la mji kwa muda mrefu. Kizimkazi, Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, na kila mtoto wa pwani amesikia habari za Washirazi waliokuja na majahazi saba. Wanahistoria wamebishana sana kuhusu habari hizo, nami nimewafundisha watoto mabishano yote. Lakini huwezi kusoma jina la Shirazi kwenye ukuta wa China, ukiwa umetoka pwani yetu, usisikie kwamba Bahari ya Hindi ilikuwa na mitaa na majirani.

Siku ya pili tulikwenda hekalu la Kaiyuan, lililoanzishwa mwaka 686, lenye minara miwili ya mawe inayoonekana kutoka mbali. Watu huenda kwa ajili ya minara. Sisi tulikwenda kutazama jahazi. Mwaka 1974 lilifukuliwa katika tope la bandari ya Houzhu: jahazi la enzi ya Song, na mabaki yake yana urefu wa mita 24 na upana wa mita 9. Mwenzangu, ambaye baba yake alikuwa fundi majahazi Bagamoyo, alilizunguka mara tatu. Alinionyesha mkuku, akanionyesha mbao zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kisha akanyamaza mbele ya kile ambacho baba yake hakuwa nacho: kuta 12 zinazoligawa tumbo la jahazi katika vyumba 13, ili kikipasuka kimoja vingine vielee. Shehena iliyopatikana ndani ilikuwa miti ya harufu, pilipili manga, ubani, ambari. Maneno haya yalinifanya nisikie harufu ya chumba cha bibi yangu siku ya arusi.

Kwa mpenda harufu, basi, ilibidi tufike Xunpu, kijiji cha wavuvi kandokando ya mji. Wanawake wa Xunpu hufunga nywele fundo kisogoni, wakazichoma kijiti, kisha wakalizungushia fundo mashada ya maua mabichi, mzunguko juu ya mzunguko: asumini, krisanthemamu, waridi dogo. Hawavai kwa sherehe tu. Nilimkuta bibi wa miaka 80 na zaidi ameketi chini akipasua chaza kwa kisu, vidole vimejaa makovu, na kichwani ana bustani nzima. Siku hizi wasichana kutoka miji ya mbali hulipia kupambwa hivyo wapige picha, na vichochoro vimejaa wapambaji. Sikuwachukia. Lakini nilikaa na yule bibi, nikamwonyesha kwenye simu picha ya kikuba, yale maua ya asumini na rehani tunayobandika kifuani na kwenye nywele. Aliisogeza simu machoni, akanusa kioo, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akachomoa tawi la asumini kwenye fundo lake, akalichomeka kwenye mtandio wangu.

Nyumba za zamani za Xunpu zina kuta za maganda ya chaza, makubwa kama viganja, yamepangwa kama magamba ya samaki. Wenyeji husimulia kwamba maganda hayo hayatoki kwao: merikebu zilizopeleka hariri na kauri ng'ambo zilirudi nyepesi, zikajazwa maganda ya pwani za mbali zisipinduke, na wengine hutaja hata pwani ya Afrika. Ni simulizi tu. Niliuwekea mkono ukuta, ulikuwa wa baridi na wa kukwaruza, nikawaza kuta zetu za matumbawe.

Chaza tulikutana nao tena kwenye daraja la Luoyang, lililojengwa kati ya 1053 na 1059 mahali ambapo mto unapigana na maji ya bahari. Wajenzi walipanda chaza kwenye nguzo za mawe kusudi, ili kadiri wanavyokua wayagandishe mawe pamoja. Tulifika maji yakiwa yametoka. Chini, katika tope, wanawake waliinama wakiokota. Chaza walewale waliowekwa kuwa saruji ndio waliokuwa chakula cha mchana. Na mchana huo tuliwala, wamekaangwa na mayai na unga wa viazi vitamu, ukingoni mwa barabara, kwenye viti vya watoto. Sijala kitu kitamu hivyo safari nzima.

Jingdezhen

Kutoka pwani tulipanda bara, mpaka mji wenye jibu la wanafunzi wangu. Mwaka 1004, katika enzi iliyoitwa Jingde, mfalme wa Song aliupa mji huu jina la enzi yake kwa sababu ya uzuri wa vyombo vyake, na toka hapo haujaacha kufinyanga. Hata nguzo za taa za barabarani zimevikwa kauri. Karibu na mji kuna kilima cha Gaoling, na udongo mweupe uliochimbwa huko ndio ulioipa dunia neno kaolini.

Alfajiri tulikwenda kwenye gulio la vigae. Giza lilikuwa halijatoka. Wauzaji wametandaza shuka chini, na wanunuzi wanapita na tochi za simu. Vinavyouzwa ni vipande: nusu ya kikombe, kitako cha bakuli, mdomo wa chungu wenye samaki asiye na mkia. Nilichuchumaa mbele ya shuka moja na moyo ukanienda mbio. Kilikuwepo kitako cha bakuli chenye ua la buluu katikati na duara mbili za kalamu pembeni, na mchoro ule niliujua, maana wa namna hiyo nimeusoma kwa vidole Kunduchi. Muuzaji, mama wa makamo, alifikiri nataka kununua. Sikununua. Nilimrudishia kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

Wafinyanzi wa Jingdezhen walikuwa wamegawana kazi: huyu huzungusha gurudumu, huyu hunyoa, huyu huchora ukingo tu maisha yake yote, huyu hujua moto. Kitabu kimoja cha mwaka 1637 kinasema chombo kimoja hupitia mikono 72 kabla hakijakamilika. Tulikaa saa nzima tukimtazama mzee mmoja anayenyoa mabakuli. Hakupima kwa kitu. Aliligonga bakuli kwa ukucha, akasikiliza, akanyoa tena. Vilivyotengenezwa kwa ajili ya mfalme na vikatoka na kasoro, hata ndogo, vilivunjwa na kufukiwa, na wachimbaji wanavifukua mpaka leo. Vyombo vya watu wa kawaida viliingia baharini. Ni hivyo vilivyotufikia, na nakiri nilivipenda zaidi baada ya kujua.

Vichochoro vya zamani vimejengwa kwa matofali ya tanuri. Tofali likishapigwa na moto miaka michache huchoka, halishiki joto tena. Hapo hutolewa likajengewa nyumba, ndiyo maana kuta zina rangi ya masizi na michirizi inayong'aa kama glasi. Tulikula tambi baridi za mchele zenye pilipili kali, na mayai yaliyochemshwa kwa majani ya chai. Mwenzangu alichoka siku hiyo, akalala mchana kutwa. Nami nikakaa dirishani nikasikiliza mvua juu ya vigae vya mapaa.

Nanjing

Kandokando ya mto Yangzi, katikati ya majumba marefu, kuna mabwawa marefu yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Hapa ndipo zilipojengwa merikebu za Zheng He, amiri Mwislamu wa Yunnan aliyesafiri mara saba kati ya 1405 na 1433, na ambaye misafara yake ilifika mpaka pwani yetu. Mwaka 1957 ulifukuliwa mti wa sukani wenye urefu wa zaidi ya mita 11. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme, wakamwita qilini, mnyama wao wa hadithi na wa baraka. Mimi kila mara namfikiria mtu ambaye historia haikumwandika: yule aliyemlisha twiga majani baharini, mwezi baada ya mwezi.

Siku ya mwisho tulikwenda kwenye kaburi la Zheng He, chini ya kilima cha Niushou. Wengi husema mwili wake ulizikwa baharini na hapa pana nguo zake tu. Ngazi ni 28, makundi manne ya saba saba, kwa ajili ya zile safari saba. Kila baada ya saba tulipumzika. Juu kuna jiwe la kaburi limechongwa Allahu Akbar kwa Kiarabu. Hapakuwa na mtu mwingine. Tulisoma Fatiha, tukakaa.

Mwanamke mmoja alikuwa akifagia majani. Alituuliza tumetoka wapi, mwenzangu akamjibu, akaongeza "Tan-Zan tielu". Alikuwa kijana, halikumwambia kitu. Basi nilitoa simu nikamwonyesha picha ya nguzo ya Kunduchi, na sahani zilizobaki ndani yake. Alisimika fagio. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akataja jina la mji: "Jingdezhen." Kisha akaisogeza picha, akafika kwenye matundu matupu, moja, la pili, la tatu. Akazungumza na simu yake, akaninyooshea nisome: "Sahani nyingine ziko wapi?"

Niliandika kwamba watu walizibandua. Alisoma, akatikisa kichwa taratibu, akaitazama picha tena. Tulipoanza kushuka, mwenzangu akiwa amenishika bega, alituita kutoka juu: "Manman zou!"